Waliingia mara 69, wakafunga magoli 7

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2023, katika mtoano wa ligi kuu ya mpira wa Australia, kwenye uwanja wa MCG jijini Melbourne, Melbourne Demons waliuingiza mpira ndani ya mita 50 za lango la Collingwood mara 69. Collingwood waliuingiza upande wa pili mara 37. Matokeo: Collingwood 60, Melbourne 53. Watu zaidi ya 92,000 walikuwa uwanjani, na huku Afrika Mashariki wachache tunaoufuatilia mchezo huu tuliuangalia kwenye simu wakati wenzetu wanakula chakula cha mchana.

Siku nane baadaye Demons walirudi uwanja uleule kucheza na Carlton. Wakafungwa tena, 73 kwa 71, kwa goli la Blake Acres mechi ikiwa inakata roho. Msimu ukaishia hapo. Ilikuwa mara ya pili mfululizo kwa timu hiyo kumaliza ndani ya nne bora, kupata ile nafasi ya kupoteza mechi moja ya mtoano na bado kubaki hai, kisha ikapoteza zote mbili. Mwaka 2022 waliotoa kipigo walikuwa Sydney na Brisbane.

Kwa ambaye mpira wa Australia unampita kando, maelezo mafupi ni haya. Uwanja una umbo la yai, ule wa MCG una urefu wa mita kama 160, na kila timu ina wachezaji 18. Hakuna kuotea, kwa hiyo mtu anasimama popote anapotaka. Kila upande una milingoti minne: mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya ile miwili mirefu ni goli, pointi 6, ukipita kati ya mrefu na mfupi wa pembeni ni pointi 1. Mbele ya lango kumechorwa tao la mita 50, na kila mpira unaoingia ndani ya tao hilo unahesabiwa. Na kanuni inayobeba makala haya yote: mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala kuguswa na mtu, mchezo unasimama kwa ajili yake. Akiwa mshambuliaji, anapiga golini bila kubughudhiwa. Akiwa beki, shambulizi limekufa, na jingine linaanza kurudi lilikotoka.

Sasa zichukue zile mechi mbili za 2023 uzijumlishe. Melbourne walipata magoli 16 na pointi za pembeni 28. Wapinzani wao, Collingwood na Carlton kwa pamoja, walipata magoli 20 na pointi za pembeni 13. Yaani Demons waligusa ubao wa matokeo mara 44, wenzao mara 33, na bado walipoteza kwa jumla ya pointi 9. Ndiyo maana kwa muda mrefu maelezo yaliyopendwa na wengi yalikuwa mepesi: hawa watu hawana shabaha, wapelekwe mazoezini wakapige golini mpaka jua lizame.

Siyakatai maelezo hayo moja kwa moja. Kuna mipira katika mechi ya Carlton ambayo mchezaji wa kulipwa anapaswa kuifunga hata akiwa na homa. Lakini shabaha mbaya haijibu swali la usiku wa Collingwood. Pale, katika kuingia mara 69, walifika kwenye ubao mara 18 tu, na katika hizo 18 zimo zile pointi moja moja ambazo beki mwenyewe huusukuma mpira nje ili kuokoa goli. Mara 51 mpira uliingia eneo la hatari na haukuzaa hata pointi moja. Collingwood walihitaji kuingia mara nne na ushei kupata goli moja. Melbourne walihitaji karibu mara kumi. Huwezi kusema mtu hana shabaha kabla hajapewa nafasi ya kulenga. Hata zile zilizokosewa, nyingi zilipigwa kutoka pembeni kabisa, karibu na mstari, ambako milingoti inaonekana imebanana, au zilipigwa kwa haraka na mtu anayevutwa jezi. Mpira ulikuwa umefika vibaya tangu mwanzo, na mpigaji akarithi ubaya huo.

Kwangu mimi kesi ya Melbourne haimhusu mshambuliaji. Inamhusu mtu aliye mita 65 kutoka lango, na namna kocha Simon Goodwin alivyoijenga timu ili mtu huyo awe nani, apate mpira akiwa katika hali gani.

Tazama uingizaji mmoja wa Melbourne wa miaka ile. Ulijirudia mno hata mtu aliweza kuusimulia kabla haujatokea. Mpira uko chini, watu wanane juu yake. Kiungo Jack Viney anaingiza kichwa, anaupata, anampigia kiungo mwenzake Clayton Oliver pasi ya ngumi isiyozidi mita mbili. Oliver anaupokea akiwa amelipa lango mgongo, mikono ya mpinzani imeshafika kiunoni. Ana nusu sekunde. Anageuka, na mguu unaugonga mpira kabla macho hayajafika mbele. Mpira unapaa, tena unapaa juu mno, na kadiri unavyokaa hewani ndivyo watu wanavyopata muda wa kukusanyika chini yake. Mshambuliaji aliyekuwa ameanza mbio kuja kuupokea anasimama, anarudi nyuma, anaruka katikati ya mabeki watatu. Beki aina ya Darcy Moore, aliyekuwa nahodha wa Collingwood mwaka 2023, hana hata haja ya kumkaba mtu. Ameusoma tangu unatoka mguuni, anatembea hadi unapoangukia, anadaka. Sekunde kumi baadaye Collingwood wako upande wa pili, na viungo wa Melbourne wako nyuma ya mpira wakitweta.

Oliver hakuwa mchezaji mbaya. Alikuwa miongoni mwa wachimbaji bora wa mpira katika ligi nzima, na viungo wenzake Christian Petracca na Viney hawakuwa mbali naye. Ila kuuchimba mpira chini ya miguu ya watu na kuupeleka mbele kwa akili ni kazi mbili, na timu nyingi nzuri zinazigawa: mmoja anachimba, anampasia wa pili aliye pembeni, huyo wa pili anampasia wa tatu anayekuja mbio akiwa huru, na wa tatu ndiye anayepiga. Mtu wa tatu ana muda wa kuinua kichwa, kisha kuushusha mpira chini chini kifuani mwa mshambuliaji anayekimbia. Kwa Melbourne, mchimbaji mara nyingi alikuwa ndiye mpigaji. Pasi ya pili na ya tatu zilirukwa, kwa makusudi, kwa sababu mpango ulitaka mpira usogee mbele kwanza mengine yafuate.

Na mpango huo ulikuwa umewapa ubingwa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wanasema Goodwin hakuwa na mbinu. Alikuwa nayo, na mwaka 2021 iliua kila mtu. Ulinzi wa Melbourne mwaka ule ndio ulioruhusu pointi chache kuliko wote kwenye ligi. Nyuma walisimama Steven May na Jake Lever, na Lever kazi yake ilikuwa ile ile niliyoieleza ya Moore: kumwacha mtu wake, kusoma mpira mrefu wa mpinzani, kuufuata, kuudaka. Hesabu ilikuwa rahisi. Piga mbele, hata ovyo, ukipotea, wabane kwenye nusu yao, watakaposhindwa kutoka watapiga mrefu kujiokoa, Lever ataudaka, rudia. Mpinzani alikuwa akichoka mwili na akili.

Tarehe 25 Septemba 2021, fainali ilipochezewa Perth kwa sababu ya korona, mpango huo ulionekana katika utukufu wake wote. Western Bulldogs walikuwa mbele kwa pointi 19 katika robo ya tatu. Kuanzia hapo Melbourne walifunga magoli 16 kati ya 17 ya mwisho na kushinda 140 kwa 66. Bayley Fritsch alifunga 6 peke yake, Petracca akachukua medali ya Norm Smith ya mchezaji bora wa fainali, na klabu iliyokuwa haijatwaa ubingwa tangu 1964 ikalia machozi ya miaka 57.

Lakini iangalie vizuri ile mvua ya magoli, ilianzia wapi. Ilianzia katikati ya uwanja. Kila baada ya goli mpira unarudi kati, na tangu 2019 kuna kanuni inayolazimisha kila timu kupanga watu sita nyuma, sita kati na sita mbele kabla mwamuzi hajaanzisha mchezo tena. Kwa sekunde hizo chache, na hizo tu, eneo la mbele linakuwa wazi. Max Gawn, nahodha mwenye urefu wa mita mbili na zaidi, akaruka akaugusa. Petracca na Oliver wakatoka nao mbio. Na hata mpira uliopigwa haraka haraka ulimkuta Fritsch akiwa na beki mmoja, si watatu, na nafasi ya kuukimbilia. Viungo wale wale, miguu ile ile, mshambuliaji wa kawaida tu kwa kimo. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliosimama mbele mpira ulipofika.

Mchezo wa kawaida hautoi nafasi hiyo. Ukiubana mpira kwenye nusu ya mpinzani kwa dakika kumi, huku hakuna kuotea, wachezaji wote wa mpinzani wanarudi huko, na wako pia wanawafuata. Kadiri Melbourne walivyofanikiwa kukaa mbele ndivyo walivyojijazia eneo lao la kufungia. Wanaokumbuka Manchester United ya David Moyes wanaikumbuka ile sare ya 2-2 na Fulham, Februari 2014 Old Trafford, krosi zaidi ya 80 zikimiminwa juu ya mabeki warefu waliokuwa wakizisubiri tu. Ni ugonjwa mmoja. Kuingia mara 69 kulikuwa dalili yake: mpira unaotoka na kurudishwa palepale bila kuumiza mtu unahesabiwa kila mara unaporudi.

Kinachokera zaidi ni kwamba hakuna timu iliyojua thamani ya mpira mrefu wa ovyo kuliko Melbourne wenyewe. May na Lever walijengea majina yao juu ya mipira ya aina hiyo. Wiki nzima mazoezini washambuliaji wa Demons walikuwa wanaona kwa macho mpira wa juu unavyokuwa zawadi kwa beki anayejua kusoma. Jumamosi ikifika, wanapelekewa zawadi hizo hizo wagombee na akina Moore, na akina Jacob Weitering wa Carlton, na Aliir Aliir wa Port Adelaide.

Huyo Aliir nimtaje kwa upendeleo kidogo, maana alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza Port Adelaide, aliteuliwa kwenye kikosi bora cha ligi, All-Australian, kwa kazi hii hii ya kudaka mipira ya watu. Ukitaka kuelewa kwa nini mpira mrefu ni hatari kwa anayeupiga, acha kuutazama mpira kwa robo moja, mtazame Aliir peke yake. Mara nyingi utamkuta hayuko karibu na mshambuliaji anayedaiwa kumkaba. Yuko hatua nane kando, macho kwa mpigaji. Akiona mpigaji ana utulivu, kichwa juu, anarudi haraka kwa mtu wake. Akiona mpigaji amebanwa, anaondoka mapema. Kwa hiyo beki wa namna hii anamkaba kiungo kuliko anavyomkaba mshambuliaji, na kila mpira wa kukurupuka unamrahisishia uamuzi.

Turudi kwa washambuliaji, maana wao ndio waliobeba lawama. Ben Brown alikuja Melbourne mwishoni mwa 2020 kutoka North Melbourne, ambako alikuwa amefunga magoli zaidi ya 60 kwa misimu mitatu mfululizo, 2017 hadi 2019. Brown ni mrefu, lakini magoli yake hayakutokana na kuruka juu ya watu. Yalitokana na kukimbia: anaanza ndani karibu na lango, anachomoka kuja kwa mpigaji, anadaka mikono ikiwa mbele ya uso. Mtu huyo ukimrushia mpira utosini akiwa amesimama, umemlipa mshahara bure. Magoti nayo yakaanza kumsumbua, na hadithi ikawa imekwisha. Luke Jackson, kijana aliyeweza kuruka na kukimbia, aliondoka kwenda Fremantle baada ya msimu wa 2022.

Klabu ikamleta Brodie Grundy kutoka Collingwood ili yeye na Gawn wapokezane, mmoja akirukia mipira ya kati, mwingine akikaa mbele kama mlengwa. Karatasini lilikuwa wazo zuri. Uwanjani lilithibitisha kwamba klabu ilikuwa imelisoma tatizo kinyume: kama mipira inaangukia juu ya vichwa, tafuta vichwa virefu zaidi. Grundy alizaliwa kuwa mrukaji wa kati, mbele alikuwa mgeni. Kabla msimu haujaisha alishacheza na timu ya pili, na ulipoisha akahamia Sydney.

Kuna kipande kimoja cha 2023 kinachonifanya niamini kwamba dawa ilikuwa karibu. Harrison Petty, beki, alisogezwa mbele, na dhidi ya Richmond akafunga magoli 6. Wiki iliyofuata akaumia mguu, msimu wake ukafa. Petty alifaulu kwa sababu alifikiri kibeki: alijua mahali beki asipopenda kwenda, akaenda huko. Jake Melksham, ambaye alikuwa ameanza kuelewana naye, akachanika goti katika mechi ya mwisho kabla ya mtoano. Jacob van Rooyen, kijana wa msimu wa kwanza, akafungiwa ile mechi ya Carlton. Ukisema Melbourne walikuwa na mikosi, nakubali. Ila mikosi ya washambuliaji ndiyo ingekuwa sababu ya kupeleka mpira kwa uangalifu zaidi, maana mshambuliaji mchanga au mfupi anahitaji pasi nzuri kuliko yule mkubwa anayeweza kuokoa pasi mbovu. Walipobaki bila warefu waliendelea kupiga kana kwamba warefu wapo.

Goodwin mwenyewe aliliona, au angalau alijaribu kuliponya. Petracca alikuwa akisogezwa mbele kwa vipindi virefu, kwa hoja kwamba mtu mwenye nguvu zake akiwa karibu na lango atatengeneza kitu. Na alitengeneza. Ila kila dakika Petracca aliyokuwa mbele ilikuwa dakika ambayo yule aliyekuwa na uwezo wa kutoka na mpira kwa kasi na kuinua kichwa hayuko kati. Ungemhitaji awe wawili, mmoja apige na mwingine adake.

Kilichofuata ni mteremko. Juni 2024, katika mechi ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme dhidi ya Collingwood hao hao, Petracca aliumia mbavu, pafu na wengu, akalazwa hospitali. Timu ikamaliza ya 14. Msimu wa 2025 ukaanza kwa kupoteza mechi 5 za mwanzo. Mwishoni mwa Julai wakaongoza kwa pointi 46 mbele ya St Kilda wakiingia robo ya mwisho, na wakapoteza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia nzima ya ligi hiyo. Wiki moja na ushei baadaye, Goodwin akafukuzwa kazi. Steven King, aliyekuwa msaidizi Geelong, akapewa timu. Oktoba Petracca akauzwa klabu ya Gold Coast, Oliver akaenda GWS (Greater Western Sydney).

Mashabiki wengi waliona kuuzwa kwa hao wawili kama msiba, na naelewa, kwani hao ndio waliowavusha 2021. Mimi naona ndiyo nafasi ya kwanza ya kweli tangu ule ubingwa ya kuvunja tabia. Kysaiah Pickett, mdogo wa umbo na mwepesi kuliko wote pale, alishaanza 2025 kutumia muda mwingi zaidi kati badala ya kusubiri makombo mbele ya lango. Pickett akipokea mpira anakimbia kwanza, anawatoa watu, halafu ndipo anapiga. Hatua zile tano sita za mbio ndizo zilizokuwa zinakosekana, kwa sababu zinamlazimisha beki mdakaji afanye uamuzi: amfuate anayekuja, au abaki na mtu wake.

Kati ya wachezaji waliosajiliwa, nitakayemtazama kwanza ni Brody Mihocek, aliyekuwa mshambuliaji wa Collingwood iliyobeba ubingwa mwaka ule ule wa 2023. Ameshavuka miaka 32, na kwa timu inayojijenga upya usajili huo unaweza kuonekana wa ajabu. Ila Mihocek ana jambo moja: hachoki kukimbilia mpira. Anachomoka, asipopewa anarudi, anachomoka tena, mchana kutwa, na kule Collingwood alizoea kupewa. King anaweza kuongea anavyotaka kwenye mikutano ya waandishi. Mbio za Mihocek katika robo ya kwanza zitatosha kutuambia. Akichomoka mara tatu na mara zote tatu mpira ukampita juu ya kichwa kwenda kuwaangukia mabeki, basi kimebadilika kocha tu.